Neno la Daktari Lililoishia Barazani

Jumanne nimeletewa habari kutoka Miteja kwamba mke wa rafiki yangu, tuliyekaa naye mkeka mmoja chuoni tukisoma Kurani, amefariki na mimba ya miezi saba. Mtoto naye hakuokoka. Nimekwenda kuzika, nimerudi, na nawaandikia nikiwa na hasira, mtaniwia radhi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kabla ya kazi hii ya kalamu nilikuwa mkalimani wa hospitali huku pwani ya Lindi. Marehemu aliletwa kwa lori baada ya kuharibikiwa na mimba mbili. Alikuwa na wekundu mashavuni na puani, uliozidi kila alipopigwa na jua, na asubuhi vidole vilimkakamaa hata ukili wa mkeka hawezi kusuka. Kwao walishamchezea ngoma ya pepo, na pepo hakusema kitu. Daktari, Mzungu asiyependa maneno mengi, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa katika kichupa, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akasema ugonjwa huo huitwa lupasi. Hulala na kuamka, na mimba ikiingia ugonjwa ukiwa macho, huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu, na huweza kuua mama na mtoto. Asishike mimba mpaka ugonjwa utulie miezi mingi, na akishika, aje hospitali mapema aangaliwe.

Maneno hayo niliyatafsiri barazani, mbele ya mumewe, mgonjwa yumo ndani anavaa buibui. Ndiyo desturi yetu: habari ya mwili wa mke hupewa mume. Rafiki yangu akanishika mkono, akaniomba nimwachie, atamweleza mwenyewe nyumbani kwa upole. Nikaona ni heshima. Mkewe alipotoka akaniuliza daktari amesema nini. Nikamjibu, "Mumeo atakueleza, shemeji."

Hakumweleza. Mama mzaa mume alikuwa akidai mjukuu kila uchao, naye mume akamwambia mkewe kwamba daktari amesema mtoto ndiye dawa, na kama hasadiki, mtafsiri nilikuwa mimi. Jina langu ndilo lililomtoa hofu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sikujikung'uta.

Mwezi uliopita nilipita Miteja, nikamkuta amevimba miguu na uso, kichwa kinamwanga, na bado ananitengea uji. Akanishukuru kwa tafsiri yangu. Nilipomweleza ukweli alisema, "Mume wangu alitaka mtoto, hilo nalijua. Lakini wewe, shemeji, nilikuuliza."

Nikatafuta lori la kumpeleka Lindi. Rafiki yangu akanitoa uani kwake, akisema nimekuja kumvunjia nyumba. Wiki tatu baadaye mkewe akashikwa na kifafa cha mimba, na lori lile nililolitafuta likaitwa kwa haraka, likakuta sanda inakatwa.

Mazikoni rafiki yangu alinikumbatia akilia. Sikuinua mikono. Amenisaliti, nasema wazi, na sijui kama nitamsamehe. Lakini nanyi wenzangu mnaofasiri mahospitalini, msijifiche nyuma ya waume kama nilivyojificha mimi. Mwanamke akiuliza habari ya mwili wake, ajibiwe yeye, hapo hapo, hata kama mumewe ni ndugu yenu wa kunyonya ziwa moja. Mume alimdanganya nyumbani, ambako sikuwapo. Pale hospitali aliniuliza mimi, na jibu nilikuwa nalo.