Mama Aliposemea Sinema Bubu

"Mama Nyamizi, kuanzia leo kwaya basi! Mwanamke anayeita wanaume hadharani hawezi kumwimbia Mungu."

Mzee wa kanisa letu, Zefania Kapalata, aliyasema hayo amesimama mbele ya sinema, kivuli chake kimemfunika uso yule dada wa kwenye picha. Usoke nzima ilisikia. Mama yangu alikuwa hapo katikati, mimi nimemshika kanga.

Enzi zetu sinema ilikuja na gari, tena mara moja moja. Shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku, na sisi watoto tukakaa chini, vidole vinanata utomvu wa majani tuliyoshinda tukiyafunga. Mimi ndiyo kwanza naona sinema. Kumbe ni ya kizamani, ya mapenzi, watu wanafungua midomo na hakitoki kitu. Tukajua imeharibika.

"Sauti mmeishusha njiani, kule Kigwa?" mama akamuuliza mwenye mashine, Mzaramo, mtani wetu.

"Nyie Wanyamwezi si wapagazi? Ibebeni wenyewe!"

"Lete! Babu zetu walibeba pembe mpaka pwani kwenu, mdomo wa dada mmoja utatushinda?"

Basi akaubeba. Yule dada alikuwa anamsindikiza mchumba wake stesheni, na mambo ya stesheni sisi wa Usoke nani atatufundisha? Mama akamsemea kwa Kinyamwezi: "Nenda, mume wangu, ila kila treni ikipiga honi nitatoka mbio, wanicheke wanaotaka." Kina mama wakalia machozi ya kweli. Baba, pamoja na ukali wake wote, akapiga makofi. Mzaramo akanyoosha mikono juu: "Mtani, umeniweza!" Nilijiona mtoto wa malkia.

Hapo ndipo Kapalata alipoinuka. Utani aliujua, amezaliwa nao. Alijifanya hajui. Na Yeremia, mwalimu wa kwaya, Jumapili yake akamvua mama joho bila kumuuliza hata neno moja.

Vijana wa leo wanaangalia filamu kwenye simu, mtu kawatafsiria, wanamwita mkali. Kulia hawalii, wanasogeza mbele wafike kwenye ngumi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nawaambia kifua mbele: hapa Usoke, mkali wa kwanza alikuwa mama yangu, tena bila kipaza sauti. Sisi tulionja mapenzi ya watu tusiowajua kwa lugha ya nyumbani. Nyie mna kila kitu, na hamna wa kulia naye.

Yeremia ameshafariki. Wewe Kapalata uko mjini, Chemchem, kwa mwanao, nasikia unatembea vizuri tu. Mama naye yupo. Tangu siku ile anaimbia jikoni, na akisikia mtu anapita ananyamaza. Treni ipo, mabasi yapo. Njoo Usoke, usimame kanisani mbele yake, utuambie: siku ile mama yangu alimwita mwanaume gani?