Mume wa Muuza Mwarobaini

Muuza mwarobaini alikuwa na sharti lake pale sokoni: dawa unainywa mbele yake, umesimama, kikombe kizima, na sukari usiitaje. Ukikunja uso, anaangua kicheko. "Meza, baba! Homa nayo imeshaanza kufunga virago!" Wajawazito na wenye watoto wachanga hakuwauzia hata wakimbembeleza. Hao aliwaelekeza zahanati.

Na aliipenda kazi yake, jamani. Majani aliyachuma mwenyewe nyuma ya nyumba, akayachemsha asubuhi huku akiimba ovyo. Mpiga debe wake alikuwa mumewe, fundi viatu wa meza ya jirani. "Mimi tangu nimuoe huyu mama, vidonge naviona kwa majirani tu!" Uongo mtupu, lakini mkewe alimwachia. Nani hapendi kusifiwa?

Basi homa ikamkamata huyohuyo mpiga debe. Akanywa kikombe. Kesho yake akanywa birika zima kwa siri, eti asimwaibishe mkewe. Wapi! Kulipokucha meno yanagongana, shati limelowa, na maneno yake hayana kichwa wala miguu.

"Inuka twende zahanati ukapimwe," mkewe alisema.

"Tupite sokoni watu wakituona? Mume wa muuza dawa? Utamuuzia nani tena, mke wangu?"

Swali lile lilimchoma. Ilikuwepo njia ya uani, ya kuzunguka mbali, ambako hakuna mteja hata mmoja, na kusema kweli aliitupia jicho. Ndipo mumewe akamwangukia begani, mwili unachoma kama pasi. Hofu ikamshika mama wa watu. Akakata shauri, akapita katikati ya soko.

Muuza nyanya ndiye aliyewaona kwanza. "Heh! Vipi tena, na yale majani?"

"Majani yameshindwa, dada. Shika mkono huu."

Yule mama akaziacha nyanya zake, akashika. Mchinja kuku akaja akashika miguu. Hadi kufika zahanati, fundi alikuwa amebebwa juujuu na watu walewale aliokuwa akiwatambia kila siku. Akapimwa, akakutwa na malaria kali, akatundikiwa dripu yenye dawa.

Jioni akafumbua macho. Neno lake la kwanza: "Nani ametuona?"

"Soko zima."

"Walicheka?"

"Walikubeba."

Akageukia ukutani, machozi yanamtoka. "Basi biashara yako nimeiua."

"Acha ife!" Mkewe alikuwa analia naye, wala hakujificha. "Majani nikiyamaliza yanachipua mengine, mzee wewe. Wewe nikikuzika, nitakuchuma wapi?"