Fundi Aliyenawa Mno

Fundi wa nguo wa mtaa wa Kiandutu ana mikono ya kuhurumiwa. Akimpima mteja kiuno, ananawa. Mtu akimsalimia kwa mkono, anarudi kwenye beseni kabla huyo hajageuka. Ngozi ya vidole imepasuka hadi inanasa satini, na magauni ya harusi ndiyo yanayomlisha. Majirani walisema anaringa. Muuguzi mjini Thika alimwambia ni ugonjwa wa akili, ule unaomtia mtu hofu ya uchafu na kumlazimisha kurudia jambo analojua halina maana. Huo hauishi kwa sabuni: dawa yake ni kugusa, kukaa bila kunawa, na kuiacha hofu ipande mpaka ichoke yenyewe.

Leo Waithira ameingia kuulizia gauni la binti yake Shiko, akitoka kusalimiana na nusu ya soko. Akanyoosha mkono makusudi.

“Haya, fundi, kataa nikutangaze kanisani.”

Fundi akaushika kwa mikono yote miwili. Jasho likamtoka, macho yakakwama kwenye beseni.

“Usizimie juu ya gauni la Shiko.”

“Nyamaza, Mama Shiko, niko kazini.”

Akalisukuma beseni nje kwa mguu, akaketi kwenye cherehani. Uzi ukakosa tundu la sindano, ukakosa tena. Waithira akainama amsaidie.

“Wacha,” fundi akasema. “Kazi hii ni yangu.”

Uzi ukapita, naye akaanza kukanyaga pedali.