Karanga za Mwalimu Mtweve

Enzi zetu za bweni kule Njombe ulioga maji ya baridi mpaka meno yakagongana, ukanywa uji unaonuka moshi, halafu ukaingia darasani kwa Mwalimu Mtweve kufundishwa habari za Marekani. Marekani! Sisi hata Dar es Salaam hatukuwa tumefika. Nilikuwa nanung'unika bila kujificha.

Siku ya somo la mabenki ya Marekani yaliyoanguka, mwalimu alituambia tuweke karanga zetu kwa mwenzetu Rehema, yeye awe benki. Nusu akazikopesha. Kisha mwalimu akamnong'oneza mmoja wetu kwamba benki imefilisika. Wee! Tulimvamia Rehema kama kuku walioona mtama, dawati likavunjika mguu. Waliochelewa, nami nikiwemo, hawakupata hata ganda.

"Hakuna aliyeiba," mwalimu akasema. "Mbio zenu ndizo zilizoua benki. Ukiona watu wanakimbia, uliza kwanza."

Nilinuna wiki nzima.

Sasa nanunua nguo hapa Guangzhou, China, nazipeleka nyumbani. Wakala wetu hujaza kontena moja kwa mizigo ya watu wengi. Lisipojaa, haliendi bandarini Nansha. Mwaka jana nilikuwa na marobota ya sare za shule, na Januari ilikuwa inakaribia. Mara ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu zetu: wakala katoroka! Nilipofika ghalani, vijana walikuwa wanaburuta mizigo nje. Nami nikalishika robota langu. Hapo nikamkumbuka Rehema akilia.

"Mdogo wangu, nani kamwona akitoroka?" nikamuuliza kijana mmoja.

"Dada, si wamesema kwenye group! Na simu yake meiyou, haipatikani!"

Nikakaa juu ya robota langu, nikawasihi wasubiri kidogo. Wengine walinicheka. Baada ya saa nzima wakala akatokea, shavu limevimba: alikuwa kwa daktari wa meno. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mizigo ikarudishwa, kontena likaondoka.

Vijana wa siku hizi uvumi unawafikia kabla uji haujapoa. Sisi habari ilikuja kwa barua, imeshachoka njiani, tukapata nafasi ya kuitilia shaka.

Sare zilifika kabla shule hazijafunguliwa, namshukuru Mungu. Natamani ningemwambia Mwalimu Mtweve, lakini ameshatangulia. Mara ya mwisho tulipoonana nilimwambia, tena kwa kicheko, kwamba Historia yake haijanisaidia kitu.