Siku Niliyong'oa Mpaka wa Kaaka

Nikikumbuka siku ile uso unanishuka hata nikiwa peke yangu, lakini haya, chekeni tu. Mimi ni mtu wa nyumbani, kiti na redio vinanitosha, na shamba letu la hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, kusema kweli ni la mke wangu, Mama Neema. Kiangazi kile mavi ya kuku (ile miti ya miiba yenye maua mazuri ya kudanganya watu) yalikuwa yamejaa ukingoni, upande wa jirani yetu Kaaka, bibi wa Kinyankole mwenye migomba yake ng'ambo, na mke wangu akaenda soko la Isingiro akiniachia neno moja: "Baba Neema, toa mavi ya kuku tu, kingine usiguse."

Nikakata, nikang'oa, mikono ikachanika, na kufika saa nne kazi ilikuwa imekwisha, ningeenda zangu kuoga. Lakini shemasi wetu akapita na baiskeli, akapaza sauti, "Ee Baba Neema! Kumbe uko na nguvu mingi hivi!" Sifa zikanipanda kichwani. Nikaona mule ndani mlikuwa mmejificha miti myembamba yenye majani marefu kileleni, haizai, hainukii, nikasema haya nayo ni magugu (kwetu Uvira mpaka ni ua wa miyenzi au ukuta wa matofali, nani alinifundisha mengine?), nikaing'oa yote kumi na saba, nikafukia mashimo, nikapiga reki udongo ukawa kama meza.

Ndipo Kaaka akatokea. Akatazama, akashika kichwa, akapiga yowe la mtu aliyefiwa.

"Wewe! Wewe natoa mpaka ya mimi! Nataka kula shamba yangu!"

Watu wakajaa, Wanyankole upande wake, Wakongo upande wangu, na mwenyekiti wa kijiji akaja na daftari, akanieleza kwamba miti ile ni omugorora, ndiyo mpaka wenyewe, kuing'oa ni sawa na kuiba ardhi, na akiandika neno hilo likafika ofisi ya kambi, shamba tutanyang'anywa. Mke wangu naye akafika, kikapu kichwani. "Nilikuambia nini, bwana yangu?"

"Panda tena, palepale," akasema mwenyekiti.

Fasi gani, jamani, na mimi nilishafuta hata mashimo? Kwa woga nikaanza kupanda hatua mbili ndani ya shamba letu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mke wangu akitazama mihogo yake ikihama nchi. Nilipofika wa tano Kaaka akaja na fimbo, nikainamisha kichwa nikijua nachapwa. Akaung'oa mti ule, akapima kwa miguu kutoka mgomba wake wa mwisho, akauchomeka hatua mbili nyuma, kwenye mstari wa zamani.

"Hapa. Mimi hapana taka ya wewe. Nataka ya mimi tu."

Kisha akatazama jasho lilivyonitiririka, akacheka hadi akakaa chini, na pande zote mbili zikacheka naye. Mwenyekiti akafunga daftari.

Tukaipanda yote, yeye akionyesha, mimi nikishindilia, na mvua iliporudi hakuna hata mmoja uliokosa kuchipua. Tangu hapo nimeapa: ukingoni sitii mkono mpaka Kaaka awe amesimama pale. Huja, hunyosha kidole, "toa ile, wacha ile," na mimi, mwenye diploma yangu ya sekondari, natii.