Aliyebeba Viatu Vyetu Mvuani

Kabla hujacheka, nenda Gitega, hapa hapa Kigali, ukamuulize Mama Hadija wa duka la maharage. Ana mdomo, lakini si mwongo. Alikuwepo, na mtoto aliyeponea chupuchupu alikuwa wake. Nimechoka na watu wanaoniambia eti siku ile nilikuwa na homa. Homa ya darasa zima? Hebu tuheshimiane.

Mimi nafundisha Kiingereza. Nilikulia Kagera, wazazi waliporudi Rwanda nikarudi nao, na jioni nafundisha wafanyabiashara wadogo wakishafunga kazi. Wakati huo tulipanga chumba cha kusomea uani kwa Mzee Saidi, fundi cherehani. Nyuma ya chumba kulikuwa na ukuta wa mawe ulioshikilia kilima, na juu yake kiwanja kitupu. Mlangoni kila mtu alivua viatu, maana Mzee Saidi hataki kuona tope kwenye sakafu yake.

Siku hiyo mvua ilianza kabla hatujafungua vitabu. Mvua ya Kigali unaijua? Ikinyesha, mji unasimama. Pikipiki zinaegeshwa, watu wanajibanza barazani, na ukichelewa kazini ukasema ilikuwa mvua, bosi hana la kuongeza. Hakuna anayetoka. Basi tukakaa tukasoma.

Kwenye somo kulikuwa na neno thud. Nikawaambia ni kishindo. Wakauliza kishindo kipi, maana hata bati likianguka ni kishindo. Swali zuri. Nikaangusha kijiko, kikalia, nikasema siyo hiyo. Nikaomba mfuko wa maharage wa Mama Hadija, nikauachia. Pu.

"Hiyo ndiyo thud," nikasema. "Sauti nzito, fupi, haina mwangwi. Mtu akidondoka kitandani, thud. Fenesi likiangukia udongo, thud. Hata moyo ukiogopa sana unapiga kifua hivyo hivyo."

Nilikuwa nimenogewa, niamini. Ndipo nyuma ya ukuta kukasikika, pu.

Nikafurahi kama mtu aliyeletewa mfano bure. "Mmesikia? Nani anipe sentensi?"

Mkono ulionyooshwa ulikuwa wa mama mmoja mzee aliyekaa nyuma, karibu na mkeka aliolalia mtoto wa Mama Hadija. Sikumjua. Nilidhani ni mgeni wa mmoja wao, amejikinga mvua. Alijifunga kitenge cha njano, kikavu. Kikavu, unanielewa, na nje maji yanamwagika.

"Mwalimu," akasema taratibu, "na ukiisikia mara ya pili, unafanya nini?"

"Unaiandika kwenye daftari, mukecuru," nikamjibu, kama tunavyowaita bibi zetu hapa. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Akamgeukia Mama Hadija. "Mbebe mtoto wako. Chini pana baridi." Na Mama Hadija, ambaye haamrishwi na mtu, akainuka, akamfunga mtoto mgongoni.

Ikaja ya pili. Safari hii niliisikia kwenye nyayo.

"Tutoke," akasema yule bibi.

"Twende wapi, mukecuru? Mvua iko mingi," Mama Hadija akajibu, na wengine wakamuunga mkono. Nami nikasema tungoje ipungue kidogo.

Bibi hakubishana. Alienda mlangoni, akakunja upindo wa kitenge, akazoa viatu vyetu vyote, na vyangu vya ngozi vikiwemo, akaingia navyo mvuani.

Ungetuona. Watu walioogopa kulowa sasa wanasukumana mlangoni wakiita mwizi. Mama Hadija mbele, mtoto anarukaruka mgongoni, mimi nyuma na chaki mkononi, tunapanda ngazi peku tukimfukuza bibi kizee ambaye hata hakimbii, lakini hafikiki. Tulipokanyaga barabara, nyuma yetu ardhi ikaunguruma. Tulipogeuka, ukuta ulikuwa umeingia darasani. Mabenchi, ubao, mkeka aliolalia mtoto, vyote viko chini ya mawe. Nikahesabu watu, mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Viatu tulivikuta kwenye baraza la Mzee Saidi, kando ya cherehani yake, vimepangwa jozi kwa jozi. Vikavu. Yeye alikuwa anashona hapo hapo mpaka ukuta ulipoanguka, na hakuona mtu akipita. Tukamweleza habari ya bibi. Akauliza kitenge kilikuwa rangi gani. Tulipomwambia, akaviinamia vile viatu, akavigusa.

"Ni mama yangu," akasema. "Nyumba yake ilikuwa pale juu ya ukuta. Siku mvua ilipoibomoa naye akiwa ndani, kabla yake aliniita toka juu, akasema kuna kitu kinadunda chini ya sakafu. Nikamwambia, mama, usitoke, utalowa." Akalia mbele yetu sote, mzee mzima. Kisha akajifuta uso, akatabasamu. "Nilijua amekufa na hasira nami. Kumbe sivyo. Amekuja mpaka kwangu."

Tangu hapo Mzee Saidi ni mtu mwingine. Mvua ikikolea anaacha cherehani, anapita nyumba zote za chini ya kilima akigonga milango, na watu wanamtii. Mtoto wa Mama Hadija sasa anakimbia, na ni mtundu kupita kiasi. Mimi je? Juzi nilikuwa kwa rafiki yangu, mtaa wa Kibagabaga, mlinzi akaangusha mfuko wa saruji nje. Nilikuwa getini kabla sijamaliza kumeza chai. Walinicheka. Wacheke tu.

Nawe unayeishi chini ya ukuta, nakuomba kwa moyo wote. Ukisikia kishindo kizito na mvua inanyesha, beba mtoto, amsha jirani, toka. Usiniambie utangoja ipungue. Sisi ilibidi tuibiwe viatu ndipo tupone, na sijui kama wewe kuna mtu atakuja kukuibia.