Mama Shilpi na Wapimaji wa Shirika

Pale Kumirgona, kijiji cha pwani upande wa Khulna, mgeni akitaka mtu wa kuzungumza naye, ataonyeshwa nyumba ya Anjuara, Mama Shilpi. Shule aliishia darasa la tatu, lakini ulimi alijaliwa. Akianza kusimulia jinsi tufani ilivyopasua tuta la kuzuia bahari na maji ya chumvi yakafunika mashamba mpaka bwawa la kunywea, mgeni husahau chai yake ikapoa. Ndiyo maana shirika lililokuja baada ya tufani kugawa matangi ya kuvunia maji ya mvua lilimpenda. Wafadhili wakija, ni Anjuara. Wapiga picha wakija, ni Anjuara, amesimama kando ya tangi lake jeusi, ncha ya sari imefunika nywele, anashukuru.

Hakuwa mwongo. Tangi lilikuwepo, na maji yake yalikuwa matamu. Kilichomkaa rohoni ni yale aliyoyaruka.

Mwaka mmoja nyuma, jirani yake Momena, Mama Jhorna, aliachwa kwenye orodha. Hao wawili waliolewa Kumirgona msimu mmoja, wakalea watoto wao kama wa tumbo moja. Bwana Tofazzal, afisa wa shirika aliyeandika majina, alimwambia Momena kwamba orodha imejaa, ila bata wawili wanaotaga wangeweza kuipanua. Momena hakutoa bata. Alikwenda kusoma namba ya simu ya malalamiko iliyopakwa rangi kwenye tangi la Anjuara, akapiga. Sauti iliyomjibu ilikuwa ile ile iliyomwomba bata.

Habari ilienea kijiji kizima, na kijiji kizima kikanyamaza. Anjuara naye alinyamaza, kwa hofu kwamba aliyempa tangi anaweza kulichukua. Badala yake alimpelekea Momena mtungi wa maji kila asubuhi. Siku ya nne Momena aliurudisha ukiwa umejaa vile vile.

"Kanywe mwenyewe," alimwambia. "Maji ya kusifia mimi siyawezi."

Wakabaki wa salamu tu. Momena na bintiye Jhorna, aliyekuwa amerudi kwao kujifungua, waliendelea kunywa maji ya bwawa. Mwezi wa Choitro, kiangazi kabla ya mvua, jua likiwa kali na bwawa limekauka nusu, Jhorna alivimba miguu na uso, macho yakawa yanaona giza. Walimpakia kwenye baiskeli ya mizigo mpaka zahanati. Mimba ilitoka, ya miezi saba. Mganga aliuliza wanakunywa maji gani, alipojibiwa akatikisa kichwa, akasema presha ya damu ilikuwa imepanda na chumvi ya bwawa imeizidisha. Anjuara alikwenda kuhani. Momena alimpa mkeka akae, lakini sahani ya tambuu ya kumkaribisha mgeni haikutolewa.

Hata juma halijaisha, Tofazzal akaja kwa Anjuara, akavua viatu, akaketi.

"Mama mdogo, wageni wa kesho si wafadhili," alisema. "Ni wapimaji. Wana viwango vyao, wanatazama kama shirika linawasikiliza watu na kama malalamiko yanajibiwa. Wakikuuliza, waambie namba ya simu ipo."

"Wakiuliza nani anaipokea?"

"Hawaulizi hayo." Alicheka kidogo. "Awamu ya pili ina matangi sitini. Usituangushe."

Kesho yake wanawake kumi na wawili waliketi barazani pa shule. Wote walikuwa na matangi, Tofazzal ndiye aliyewachagua. Mpimaji mkuu alikuwa mama wa makamo kutoka Khulna, jina lake Dilruba, mwenye sauti ya chini na kalamu isiyotulia. Alimwomba Tofazzal asubiri nje ya uzio. Kisha akauliza kama kuna aliyewahi kulalamika, na ikawaje.

Wanawake wakamgeukia Anjuara. Naye akasema kama alivyozoea: namba ipo, sanduku la malalamiko lipo, afisa ni kama mtoto wetu. Maneno yalitoka yenyewe, yamepangika. Dilruba akauliza ni nani anayeipokea hiyo simu. Anjuara akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Mwenzake mmoja akakohoa. Mwishowe Anjuara akasema, "Watu wa ofisini." Dilruba akamtazama kitambo, akaandika, akafunua ukurasa.

Aliporudi nyumbani hakuweza kula. Mumewe, Idris, mvuvi wa kaa, alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Akapita uani, akamwona Jhorna amekaa kizingitini kwao, mikono mitupu mapajani, wala hamtazami mtu.

Asubuhi Anjuara alitembea juu ya tuta mpaka sokoni, mwendo wa saa nzima, kwenye nyumba ya wageni walikolala wapimaji. Alimkuta Dilruba anakunywa chai na bisi za mchele. Akakataa kiti, akasimama, akasema yote: bata, simu, sauti iliyojibu, na yeye mwenyewe alivyosifia huku akijua. Safari hii hakupamba. Mengine aliyarudia mara mbili.

"Jina lako sitaliandika," Dilruba alisema. "Lakini dada, sitakudanganya. Kijijini watajua ni wewe."

"Watajua," alisema Anjuara.

"Na lolote linaweza kufuata. Mimi napima tu, sigawi matangi."

Hilo la mwisho Anjuara hakulielewa mpaka matokeo yalipokuja. Walikusanywa wanakijiji wote, wakasomewa: shirika limefaulu katika mengi, lakini katika kusikiliza malalamiko limeshindwa kabisa. Mfadhili amesimamisha awamu ya pili mpaka kasoro irekebishwe. Tofazzal hakufukuzwa. Alihamishiwa wilaya nyingine, na hakuna aliyesema huko anafanya kazi gani.

Matangi sitini hayakuja kabla ya mvua. Mvua za mwaka ule zikanyesha zikaenda zake mtoni, na kaya sitini zikiyatazama maji matamu yakipita. Kwenye kibanda cha chai wanaume walimsema Anjuara hadharani. Yeye ameshiba, walisema, ndiyo maana amemwaga chungu cha wenzake. Idris alivumilia mwezi mzima, kisha akamwambia mkewe, "Ulimi wako ulituletea maji. Sasa unatuletea maadui."

Hayo yote aliyabeba. Lililomvunja lilitoka kwa Momena. Alikuwa amejipa moyo kwamba siku moja Momena atavuka njia aje kwake. Hakuja, ikabidi aende yeye. Alimkuta anapeta mchele.

"Mama Jhorna, nimesema," alimwambia. "Nimewaambia kila kitu."

"Nimesikia." Momena hakuinua uso. "Ulisema mtoto akiwa keshazikwa. Siku niliyopiga ile simu nilikuwa peke yangu. Ungesimama nami siku ile, tungekuwa wawili."

Anjuara aliketi chini bila kukaribishwa, akavuta ungo wa pili, akaanza kuchambua vijiwe. Momena hakumfukuza. Wakafanya kazi hiyo mpaka mchele ulipokwisha.

Wapimaji walirudi mwezi wa Ashwin, mvua zikielekea kwisha, kutazama kama kasoro imerekebishwa. Sasa simu ilipokelewa na mwanamke wa Dhaka asiyemjua mtu yeyote Kumirgona, na orodha ilibandikwa ukutani ili kila mtu aisome. Afisa mpya alimwomba Anjuara afungue mazungumzo, maana alikuwa ameambiwa ndiye msemaji. Alikataa. Akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango.

Dilruba akauliza tena nani aliwahi kulalamika. Kisha Momena akasimama. Hakujua kuongea mbele za watu. Aliruka huku na kule, akaanzia kwenye tufani, akarudi kwenye harusi ya Jhorna, akakwama alipofika zahanati, akaendelea. Ilichukua karibu saa nzima, na Dilruba hakumkata hata mara moja.

Matangi ya awamu ya pili yalifika majuma mawili baadaye. Mvua zilikuwa zimebaki chache. Tangi la Momena lilipata maji ya kimo cha mkono, akalifunga mfuniko kwa kamba, akasema hayo ni ya Jhorna peke yake.